Kwa Nini Gari la Miraa Lina Haraka

Leo nataka tusimame pamoja kwenye steji ya Witeithie, ubavuni mwa barabara kuu ya Thika, pale Juja inapoishia na Thika bado haijaanza. Ni mchana, jua la utosi. Makanga anawaitia abiria wa Ruiru, mama wa mahindi anapepea makaa, na vijana wa boda boda wameegemea pikipiki zao, kila mmoja shavu moja limetuna. Ghafla wote wanageuza shingo kuelekea upande wa Thika. Hawajaona kitu, wamesikia. Kisha linapita: pikapu, taa zinawaka mchana kweupe, turubai limekazwa kwa kamba, honi haikatiki. Matatu, ambayo katika nchi hii haimpishi mtu, inapisha. Ukigeuka kuliangalia, limeshaipita Juja.

"Hiyo imechelewa," kijana mmoja anasema. Anatema kijiti, anaendelea kutafuna.

Witeithie, kwa wasiojua Kikuyu, maana yake ni jisaidie. Nawaomba radhi wasikilizaji wa pwani. Najua huko ukimwambia mgeni jisaidie, atakuuliza choo kiko wapi. Huku maana yake ni kujitegemea. Lakini likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia kabla kipindi hakijaisha, na tukilirudia litakuwa na maana ya pwani.

Swali langu la leo ni dogo. Lile gari lina haraka ya nini? Viazi vinatoka Nyandarua bila honi. Nyanya zinatoka Kirinyaga, zinaoza upesi, na bado dereva wake anasimama njiani anakula chapati. Utaniambia ni pesa, na pesa kweli ipo. Lakini pesa haijibu swali, inalisogeza mbele tu: kwa nini bei ya miraa ya jana ni ya kutupa?

Jibu limo ndani ya jani lenyewe. Jani bichi la miraa, na la muguka, ndugu yake, pia, lina kemikali iitwayo kathinoni. Hiyo ndiyo inayoleta kile wenyewe wanakiita handas. Sasa, kathinoni haina subira. Jani likishakatwa linaanza kuibadilisha kuwa vitu vingine viwili, kathini na norefedrini, ambavyo nguvu yake ni hafifu. Jani likinyauka mambo yanakwenda mbio zaidi, na baada ya siku mbili hivi unatafuna majani, si miraa. Ndiyo maana kitita kinafungwa kwa jani la mgomba libaki na unyevu, na ndiyo maana kutoka Maua, kule Meru, hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 250, dereva hana habari na chapati.

Hapa kuna kisa kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Wataalamu wa Ulaya waliichunguza miraa kwa miaka mingi, lakini majani yaliwafikia yamekauka kwa safari ya meli. Wakakuta kathini, wakaipima, wakaona ni dhaifu, wakashangaa: basi hawa watu wa Yemen na Meru wanasifia nini? Ikabidi isubiriwe hadi mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilipochunguza majani mabichi ikaikuta kathinoni. Mkulima wa Nyambene alikuwa ameshajua zamani kwamba jani likikauka limekufa. Yeye hakuwa na maabara, alikuwa na mgomba.

Sasa kathinoni inafanya nini mwilini? Tubaki hapo hapo barabarani. Tuseme unavuka, umeangalia kulia, na kutoka kushoto inakuja matatu upande usio wake. Kabla hujafikiri lolote, mwili umeshafikiri. Moyo umeruka. Mboni za macho zimepanuka. Njia za hewa zimefunguka, mishipa ya ngozi na ya tumbo imejibana ili damu iende kwenye misuli, mate yamekauka, kibofu kimefunga mlango. Hakuna mtu aliyewahi kukimbizwa na mbwa akakumbuka kwamba hajala mchana. Kazi hiyo yote inafanywa na tawi moja la neva, linaloitwa mfumo wa simpathetiki. Ndiyo kamsa ya mwili.

Kamsa hiyo ina wajumbe wawili. Mmoja ni adrenalini, inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo na kusafiri ndani ya damu. Wa pili ni noradrenalini, inayomwagwa na ncha za neva zenyewe, mahali pale pale inapohitajika, kutoka kwenye vifuko vidogo mno ilikohifadhiwa. Mwaka 1901 Mjapani Jokichi Takamine, akifanya kazi Marekani, alifanikiwa kuitoa adrenalini kwenye tezi za wanyama, safi, ikawa unga wa chembechembe. Mwaka 1910 George Barger na Henry Dale, huko London, wakajaribu kemikali nyingi zinazofanana nayo na kuona kwamba nyingi zinaigiza kazi ya kamsa hii. Wakazipa jina la pamoja ambalo mimi nitalisema kwa Kiswahili: dawa waigaji. Kisha mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist akasema kwamba mwilini kuna kufuli za aina mbili, akaziita alfa na beta. Alfa nyingi hubana mishipa. Beta hukimbiza moyo na kufungua kifua. Mkizikumbuka hizo mbili, nusu ya rafu za duka la dawa mmeshazielewa.

Waigaji hawa hawafanyi kazi kwa njia moja, na hapa naomba sikio lako kabisa, hata kama ugali unaungua.

Kuna mwigaji anayekuja na ufunguo wake mkononi. Anafika kwenye kufuli, anafungua, basi. Adrenalini ya sindano iko hivyo. Salbutamoli ya wagonjwa wa pumu iko hivyo. Matone ya kuzibua pua yako hivyo. Huyo ni kama mgeni aliyekuja nyumbani kwako na pesa zake.

Kuna mwigaji mwingine anayekuja mikono mitupu. Hana ufunguo. Anaingia ndani ya ncha ya neva, anavikuta vifuko vya noradrenalini yako uliyojiwekea, anavimwaga nje. Kathinoni ni huyo. Amfetamini ni huyo, ndiyo maana wafamasia wanawaita ndugu. Ni kama jamaa anayekushika mkono asubuhi, anakupeleka kwenye sacco yako, anakufanya utoe akiba yako mwenyewe, halafu mchana kutwa anakusifia kwamba leo una pesa.

Nguvu unayoisikia ukitafuna ni yako. Hakuna kijiti kilichokuletea. Na kwa sababu ni akiba, inapungua: anayetafuna mfululizo huona kitita kilichomtosha jana leo hakimtoshi. Anaongeza vijiti, na anachoongezewa ni mapigo ya moyo kuliko uchangamfu. Usingizi nao haukuondoka. Umesimamishwa nje ya mlango, na mlango ukilegea saa kumi alfajiri, ukiwa umeshika usukani, unaingia bila hodi.

Dozi yake je? Hakuna ajuaye. Gramu 100 za majani mabichi zinaweza kuwa na miligramu 36 za kathinoni, na nyingine zikawa na zaidi ya 100. Inategemea shamba, umri wa chipukizi na saa ngapi zimepita tangu likatwe. Hebu fikiria duka la dawa linalokuuzia kidonge cha presha huku likisema: hiki kinaweza kuwa kimoja au kinaweza kuwa vitatu, wewe meza tu.

Lakini kutafuna kuna breki yake, na breki hiyo ni taya. Unatafuna polepole, unaweka shavuni, unameza maji kidogo kidogo, na kiasi cha kathinoni kwenye damu hufika kileleni baada ya saa mbili hivi. Mtu akizidiwa anahisi, anatema. Ndiyo maana mimi siogopi mzee wa Meru na kitita chake barazani kama ninavyoogopa ile chupa ya juisi ya jaba inayouzwa siku hizi kwa wanafunzi, kuanzia Juja hadi Thika mjini. Majani yamesagwa, yamekamuliwa, yametiwa ladha na sukari, na wengine wanaongeza vitu ambavyo mnunuzi haambiwi. Taya haina kazi tena. Kilichokuwa kikiliwa kwa jioni nzima kinanywewa kwa dakika tano, na chupa haina hata mstari mmoja wa kusema ndani yake mna nini na kiasi gani. Ukiniuliza ni kitu gani katika biashara hii kinastahili kushughulikiwa kesho asubuhi, nitakuonyesha hiyo chupa.

Sasa nimtoe kijana wangu wa boda boda. Huyu nimemtunga mimi, msimtafute, ingawa mkifika stejini mtawapata kumi kama yeye. Ana miaka thelathini na kitu. Ameanza kutafuna muguka saa nane mchana, kwa sababu ni wa bei nafuu kuliko miraa na wenzake wanasema ni mkali zaidi. Ameusindikiza na kinywaji cha kuongeza nguvu, chenye kafeini. Kafeini inapita mlango mwingine kabisa, lakini inakwenda kuusukuma moyo ule ule. Ana mafua, pua imeziba, kifua kinapiga filimbi kwa sababu ya vumbi na moshi. Saa mbili usiku anaingia duka la dawa.

"Nipe ya mafua, na ya kifua."

Anapewa vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini na vidonge vya salbutamoli vya miligramu 4. Analipa, anameza papo hapo na soda, anarudi barabarani. Saa nne moyo unapiga kama mashine ya posho. Mikono inatetemeka hadi klachi haishikiki. Kichwa kinagonga. Anadhani ni malaria.

Tuhesabu alichokula. Muguka umemwaga noradrenalini yake. Pseudoefedrini, kwa sehemu kubwa, nayo inaimwaga hiyo hiyo. Na si ajabu, maana ni watoto wa mama mmoja: ukiichukua pseudoefedrini ukainyofoa kipande kimoja kidogo, unachobaki nacho ni kathini, ile ile iliyomo kwenye jani la miraa. Na ile norefedrini, zao lingine la kathinoni? Hiyo iliwahi kutiwa kwenye vidonge vya mafua na vya kupunguza unene duniani kote, kwa jina lake la dukani fenilpropanolamini, mpaka mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoomba iondolewe, baada ya kuhusishwa na kuvuja damu kwenye ubongo. Kwa hiyo kijana wetu alipotoka kwa muuza muguka akaingia duka la dawa, hakubadilisha dawa. Alibadilisha kaunta.

Salbutamoli sasa. Hii ni dawa nzuri, na sitaki mtu wa pumu azime redio na kuitupa. Ilitoka Uingereza mwaka 1969, na uzuri wake ni kwamba inachagua: inapenda zile beta za kifuani kuliko za moyoni. Kabla yake kulikuwa na nyingine, isoprenalini, isiyochagua, na katika miaka ya 1960 vifo vya wagonjwa wa pumu viliongezeka Uingereza wakati pampu zake kali zilipoenea. Lakini kuchagua kuna mipaka. Pafu moja la pampu ya salbutamoli ni mikrogramu 100, nayo inafika pale pale inapotakiwa. Kidonge cha miligramu 4 ni mikrogramu 4,000. Mara arobaini. Tena kinapitia tumboni na kuzunguka mwili mzima kutafuta kifua, kikiamsha mikono na moyo njiani. Hata hivyo hapa kwetu watu wanaogopa pampu na kupenda kidonge. "Ukianza pampu hutoki," utasikia. Mama anampa mtoto sharubati inayomtetemesha usiku kucha, kwa kuogopa pampu ambayo dozi yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kijiko. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake.

Kilicho kweli ni kwamba pampu ya bluu peke yake haitoshi. Inafungua njia, haizimi moto unaozifunga. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa hiyo pekee. Lazima iwepo na dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Ukiona pampu ya bluu inakwisha kabla ya mwezi, pumu yako haijatibiwa, imebembelezwa.

Ya mafua nitayapitia haraka. Vidonge vingi vimeacha pseudoefedrini vikatia fenilefrini, na mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilisema wazi kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua. Tumboni na kwenye ini inavunjwa karibu yote kabla haijafika puani. Ukipona, umepona mwenyewe. Matone ya pua ndiyo yanazibua kweli, kwa kuibana mishipa ya puani, lakini yapeni siku tatu, zikizidi sana tano. Baada ya hapo pua inayazoea: yakiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, unatia tena, inavimba tena. Kuna watu wana miaka na kichupa mfukoni, wanasema wana mafua sugu. Mafua yaliisha zamani. Kilichobaki ni kichupa.

Turudi kwa neno letu, jisaidie. Kamsa ikilia, nilisema, kibofu kinafunga mlango. Mlango huo una kufuli za alfa. Kwa kijana, kutafuna kunapunguza tu kasi ya mkojo. Hilo limepimwa kwa wanaume wa Yemen. Lakini kwa mzee ambaye tezi dume yake imeshavimba, muguka wa jioni pamoja na kidonge cha mafua unaweza kufunga njia kabisa. Anakwenda msalani mara kumi, anasimama, haji hata tone, tumbo la chini linavimba kama ngoma. Ni maumivu ambayo mwanaume hayasahau, na hospitali itabidi watie mpira. Wazee wangu, mkiona hivyo msisubiri asubuhi.

Na moyo? Hapa naomba nisitie watu hofu wala nisiwalaze. Watafunaji wengi hawafi kwa kutafuna. Lakini utafiti uliofanywa Yemen, nchi ambayo wanaume wengi hutafuna alasiri, ulionyesha kwamba shinikizo la damu na mapigo ya moyo hupanda kwa saa kadhaa za kutafuna, na kwamba wanaotafuna sana wamo kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa wanaoletwa hospitali na shambulio la moyo. Mishipa inayoulisha moyo inabanwa wakati ule ule moyo unaposukumwa ufanye kazi zaidi. Mwenye presha asiyejua kuwa anayo ndiye ninayemhofia. Presha haiumi. Wengi huijua siku waliyoanguka.

Jambo jingine, dogo, ambalo nadhani wengi hawajawahi kulisikia. Watafiti waliwapa watu vidonge vya ampisilini huku wakitafuna, wakapima mkojo wao, wakakuta sehemu ya dawa haikuingia mwilini. Dawa ya kuua vijidudu imemezwa na imelipiwa, na sehemu yake imepita tu. Waliopima walishauri iachwe nafasi ya saa mbili baada ya kutafuna. Kwa hiyo yule anayelalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki, wakati mwingine feki ni ratiba yake.

Mtaniuliza, basi mbona husemi ipigwe marufuku? Nakumbuka Mei 2024. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, akapiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, Taita Taveta ikafuata. Embu ikalia, na kwa haki, maana watu wake wa Mbeere wanasomesha watoto kwa jani hilo katika ardhi ambayo mahindi yanaikimbia. Rais William Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa muguka unatambuliwa na sheria za taifa, zikiwemo kanuni za miraa za mwaka 2023. Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Wiki nzima redio zote, yangu ikiwemo, zilijadili kodi, katiba na nani anamchukia nani. Wazazi wa pwani walikuwa na hoja. Wakulima wa Embu walikuwa na hoja. Lakini sikumbuki katika kelele ile yote mtu mmoja aliyesimama kumwambia mtafunaji: ukiwa na muguka mdomoni, usimeze hiki na kile.

Na sheria zenyewe zinachekesha. Ukiwa Namanga upande wa Kenya, jani ni zao la biashara, limeandikwa katika sheria ya mazao tangu ilipofanyiwa marekebisho. Piga hatua chache uingie Namanga ya Tanzania, jani hilo hilo linaitwa mirungi, ni dawa ya kulevya na unafungwa. Uingereza ililiacha liuzwe miaka mingi, baraza lake la wataalamu wa dawa za kulevya likashauri mwezi Januari 2013 kwamba hakuna sababu ya kulipiga marufuku, na serikali ikalipiga marufuku vivyo hivyo tarehe 24 Juni 2014. Mkataba wa kimataifa nao umeidhibiti kathinoni lakini haukuligusa jani. Mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba moyo wa mtu hausomi gazeti la serikali. Uwe Namanga hii au ile, unapiga vile vile.

Kwa hiyo ombi langu halipelekwi bungeni. Linapelekwa kaunta.

Wewe unayeuza dawa, Witeithie, Juja, Kalimoni, popote ulipo: mtu akiomba ya mafua au ya kifua, muulize kama anatafuna. Usimuulize kwa sauti ya kanisa. Muulize kama unavyomuuliza kama ana mzio. Mpe pampu badala ya kidonge ukiweza. Mpime presha kama una mashine yake. Inachukua dakika mbili, na ikisoma juu, vile vidonge vya pseudoefedrini virudishe kwenye rafu.

Na wewe kijana wangu wa boda boda, najua unanisikiza, simu iko mfuko wa shati na kipaza kimoja kiko sikioni. Sikukatazi leo kutafuna, ungekuwa umeshanizima. Nakuomba vitu vichache tu. Siku ya mafua usitafune. Kinywaji cha nguvu na jani visikutane. Ukisikia maumivu ya kifua yanayobana, au kichwa kinachopasuka ghafla, au mkono mmoja umekufa ganzi na mdomo umepinda, usinywe maziwa wala usilale uone kesho. Mwambie mwenzako akupeleke hospitali ya Thika Level 5 saa hiyo hiyo, na ukifika, la kwanza kumwambia daktari liwe ni kile ulichotafuna na saa uliyoanza. Hatakushtaki. Anahitaji kujua, kwa sababu kuna dawa za moyo ambazo hatazichagua vizuri kama umemficha.

Na ukienda duka la dawa, hata kwa jambo dogo, kabla hujataja mafua wala kifua, sema kwanza: "Mimi natafuna."

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya dawa za kuzuia kamsa hiyo, zile ambazo wenye presha wanazimeza kila asubuhi, na kwa nini hazipaswi kuachwa ghafla. Usiku mwema.